Nyongo ya kifutu nimeikuta mbali na ini. Sasa inatengenezwa wapi?

#1 KukuWaBuswelu

Wakuu salaam.

Jana asubuhi mafundi wanaochimba msingi kwa jirani yangu hapa Buswelu waliua kifutu. Alikuwa amelala chini ya rundo la mawe, mnene kama mkono wangu, mfupi, hata mita haikufika. Kabla hawajamfukia akatokea mzee mmoja wa mtaani akaomba nyongo yake. Dawa ya nini hakusema, nami sikuuliza. Mafundi wakarudi nyuma. Mimi kwa kuwa nachinja kuku kila wiki nikaonekana ndiye mtaalamu, nikapewa kisu.

Nikampasua kuanzia chini ya shingo. Moyo nikauona. Ini nikaliona, ila si umbo la ini ninalolijua: ni kama utepe mrefu wa kahawia iliyokolea, umelala kwa urefu wa mwili. Sasa kwa kuku nyongo imeshikana na ini, ukikosea kidogo inapasuka na nyama yote inakuwa chungu. Hapa nimeligeuza ini lote juu chini, hamna kitu, na mzee ananiangalia tu. Nimeshakata tamaa ndipo nikashuka zaidi, kama vidole vinne kutoka ini lilipoishia, nikakuta kifuko cha kijani kilichokolea, ukubwa wa zabibu. Pembeni yake kulikuwa na kinyama cheupe chenye uwaridi na kidonge kidogo chekundu. Mzee akakichukua, akakifunga kwenye jani la mgomba, akaondoka bila hata asante.

Swali langu: tulifundishwa nyongo inatengenezwa na ini. Kwa nyoka inafikaje kule chini? Au kile kifuko kinajitengenezea chenyewe?

#2 Mlinzi_wa_Zamu

Nimevuta kiti cha mbele. Wenye biolojia yao waje.

#3 MamaDagaa

Kaka, umempasua kifutu! Kichwa kilikuwa wapi?

#4 KukuWaBuswelu

@MamaDagaa walikuwa wamekikata kwa jembe, kimelala pale pembeni.

#5 Dokta_Mtarajiwa

"Kimelala pale pembeni." Mkuu, kichwa cha nyoka kilichokatwa kinaweza kuuma muda mrefu baada ya kukatwa. Misuli na neva bado zina uhai, na tezi bado zina sumu. Siku nyingine zika kichwa kwanza, halafu ndiyo uoneshe utaalamu wa kuku.

Tukirudi kwenye swali: ini ndilo linalotengeneza, kwa nyoka kama kwa kuku na kwa wewe. Kifuko ni ghala tu. Seli za ini zinachukua lehemu (hiyo kolesteroli tunayotishiwa nayo kila siku), zinaikatakata na kuibandika vitu mpaka inakuwa asidi ya nyongo. Inatoka kwenye seli kupitia vijifereji vidogo mno, vinaungana kuwa mrija, mrija unashuka mpaka kwenye kifuko. Kwa nyoka mrija huo ni mrefu, basi. Wewe uliukata bila kuuona, maana ni mwembamba kama uzi.

Kinyama cheupe ni kongosho. Kidonge chekundu ni bandama. Kwa nyoka hao watatu, nyongo, kongosho na bandama, huwa majirani.

#6 Sengerema_Boy

Wakuu mbona mnazunguka. Nyongo ya nyoka ndiyo ghala la sumu. Inapanda kutoka kule chini mpaka kwenye meno akikasirika. Ndiyo maana wazee wanaitafuta.

#7 Mwalimu_Misungwi

@Sengerema_Boy hapana kijana wangu. Sumu inatoka kwenye tezi zilizo nyuma ya macho, ambazo asili yake ni tezi za mate. Kile kichwa cha kifutu kinachofanana na pembetatu kimevimba kwa sababu ya tezi hizo. Toka hapo hadi kwenye meno ni safari fupi sana. Nyongo haina njia yoyote ya kupanda, inamwagikia utumbo mwembamba na kushuka. Chatu naye ana nyongo nzuri tu, na sumu hana.

#8 Sengerema_Boy

Sawa mwalimu, nimekaa. Lakini nyongo ya mamba je? Hiyo sumu kila mtu anajua.

#9 Mlinzi_wa_Zamu

Hapo sasa 😂 uzi umeanza.

#10 Bucha_Igoma

Mimi nachinja ng'ombe na mbuzi, nyoka sijui. Ila niseme ninachokijua kwa mikono: nyongo ni sabuni. Mikono ikijaa mafuta ya ng'ombe, maji peke yake hayatoi. Paka nyongo kidogo, sugua, suuza, mafuta yanaondoka yote. Marehemu mzee wangu alikuwa anasugulia hata kisu. Sasa kama nyoka anameza panya mzima na mafuta yake, lazima awe na sabuni ya kutosha tumboni.

#11 Dokta_Mtarajiwa

@Bucha_Igoma umefundisha vizuri kuliko mhadhiri wangu. Asidi ya nyongo upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Inayavunja mafuta kuwa matone madogo, vimeng'enya vya kongosho vinapata pa kushika. Huko Ulaya sabuni ya nyongo ya ng'ombe inauzwa ya kutoa madoa kwenye nguo.

#12 Mtemi_wa_Mawe

Mimi swali la mleta uzi bado halijajibiwa. Kwa nini MBALI? Mrija mrefu sawa, ila Mungu au maumbile, chagueni mnayemtaka, angeweza kuiweka pale pale kwenye ini akaokoa mrija.

#13 Mwalimu_Misungwi

Angalia umbo. Nyoka ni bomba. Viungo vyote vimepangwa foleni, figo la kulia liko mbele ya la kushoto, pafu la kushoto kwa nyoka wengi ni dogo mno au halipo kabisa. Kifuko kikikaa juu ya ini kitatengeneza nundu mahali ambapo chakula kinapita. Kwa hiyo kimesogezwa kwenye nafasi.

#14 Bucha_Igoma

Mwalimu samahani, mimi naona kinyume chake. Nyongo inahitajika wapi? Utumbo unapoanzia, baada ya tumbo. Ini la nyoka refu limelala sambamba na koo la chakula na tumbo. Kwa hiyo si kwamba nyongo imefukuzwa kwenye ini, imekaa mlangoni pa kazi yake. Hata mimi kisu sikiweki nyumbani, nakiweka buchani.

#15 Mtemi_wa_Mawe

Na wa tatu niongeze mimi: nyoka akimeza kitu kikubwa, tumbo linatanuka mpaka linabana kila kilicho jirani. Kifuko kingekuwa pale kingekamuliwa kabla ya wakati, nyongo imwagike mahali ambapo chakula hakijafika. Kwa hiyo kimewekwa nje ya eneo la msongamano.

#16 Mwalimu_Misungwi

Ya @Bucha_Igoma na ya kwangu yanaweza kwenda pamoja. Ya Mtemi ni ya kufikirika.

#17 Mtemi_wa_Mawe

Ya kwako umepimia wapi mwalimu? 😂

#18 Mjukuu_wa_Myeye

Mwangaluka wakuu. Nimesoma kimya kimya lakini hapa nashindwa kunyamaza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa katika Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka. Wasio Wasukuma mnawaona kwenye makumbusho ya Bujora siku za sherehe ya ngoma ya Bulabo, mwezi wa sita, mtu amejizungushia chatu shingoni mnapiga picha. Kwa babu haikuwa picha. Alikuwa na chungu cha chatu nyuma ya nyumba, na sisi wajukuu tulikuwa tunaogopa kupita kwenda kujisaidia usiku.

Babu alikuwa anasema nyongo ya nyoka hujaa na kupungua kama mwezi. Ukimpasua mwezi mpevu unaikuta imejaa, ukimpasua mwezi mchanga unaikuta imesinyaa kama soksi. Kwa hiyo dawa ya nyongo ilichukuliwa kwa siku maalumu. Nilidhani ni maneno ya wazee mpaka leo niliposoma kifuko cha zabibu cha mleta uzi. Juzi mwezi ulikuwa umejaa.

#19 KukuWaBuswelu

@Mjukuu_wa_Myeye kweli, mwezi ulikuwa mkubwa. Nywele zimenisimama.

#20 Dokta_Mtarajiwa

Shusha nywele mkuu. Babu aliona kitu cha kweli, ila mwezi haukuhusika. Kifuko hujaa mnyama asipokula. Ini halisimami, linaendelea kutoa kidogo kidogo, kifuko kinapokea na kunyonya maji mpaka nyongo inakuwa nzito. Akila, utumbo unatuma homoni, kifuko kinajikamua. Kifutu wako alikuwa na njaa, hicho tu.

#21 Bucha_Igoma

Nashuhudia. Mbuzi wa mnadani aliyelala njaa siku mbili, nyongo yake utadhani puto. Mbuzi aliyetoka malishoni asubuhi, unaitafuta.

#22 Mjukuu_wa_Myeye

Na nani kakwambia nyoka hawawindi kwa mwezi? Usiku wa mbalamwezi panya hawatoki hovyo. Nyoka analala njaa. Nyongo inajaa. Babu yuko pale pale.

#23 Mlinzi_wa_Zamu

Dokta kapigwa chenga 😂😂

#24 Dokta_Mtarajiwa

Sina la kusema hapo. Kifutu ni mviziaji, analala sehemu moja hata wiki akisubiri. Panya wasipotoka, hali.

#25 Kemia_Nyegezi

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Naona mnagombana kuhusu kifuko wakati utamu wenyewe uko kwenye asidi. Acheni niwape.

Mlichosema kwamba ini la nyoka ni kama la kuku na la binadamu ni kweli mpaka katikati ya njia, halafu njia zinaachana. Kuanzia mwanzo: lehemu ina kaboni 27. Ini linaibandika vikundi vya oksijeni na hidrojeni, linakata kaboni tatu za mkiani, zinabaki 24. Zao mojawapo linaitwa asidi ya koliki. Binadamu anayo, nyoka anayo. Kisha ini linaifunga na kipande kingine ili iyeyuke vizuri zaidi kwenye maji. Sisi tunatumia zaidi glaisini na kiasi cha taurini, nyoka anatumia taurini. Paka pia ni wa taurini.

Sasa sikilizeni. Asidi ikishuka utumbo mwembamba inafanya kazi yake, halafu karibu yote, kwa binadamu kama asilimia 95, inanyonywa na kurudi kwenye ini kwa njia ya damu. Ndiyo maana ini la mtu mzima linatengeneza mpya kama nusu gramu tu kwa siku. Zile zinazochelewa njiani zinakutana na bakteria, wanazing'oa kikundi kimoja, kile kilichobandikwa kwenye kaboni namba 7. Asidi ya koliki inageuka kuwa asidi ya deoksikoliki, ambayo ni kali zaidi kwa seli. Kwetu sisi hiyo inarudi kwenye ini, inafungwa tena na kutumwa tena ikiwa hivyo hivyo.

Ini la chatu halikubali. Likipokea deoksikoliki linaibandika kikundi kipya, kwenye namba 16. Inakuwa asidi ya pithokoliki, jina limetoka kwa chatu mwenyewe. Haslewood na Wootton wa Uingereza ndio walioieleza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 Bergström na wenzake huko Uswidi wakaonesha kwamba chatu anaitengeneza kutokana na deoksikoliki. Huyo ni Sune Bergström ambaye mwaka 1982 alipata Nobel kwa kazi nyingine kabisa.

Na kifutu wa Buswelu? Ini lake nalo halikubali, ila linabandika kwenye namba 23, huko mkiani. Inaitwa asidi ya bitokoliki. Kwa kisayansi kifutu ni Bitis, na jina la asidi limetoka hapo. Mzee aliyekuja na jani la mgomba ameondoka na kitu ambacho wewe huna tumboni mwako.

#26 MamaDagaa

Nimeisoma mara mbili. Kwa hiyo nyongo ya nyoka nusu ni kazi ya ini, nusu kazi ya vijidudu?

#27 Kemia_Nyegezi

@MamaDagaa umeelewa kuliko wote hapa. Ini linaanza, bakteria wanaharibu, ini linatengeneza upya.

#28 Mtemi_wa_Mawe

Swali dogo. Chatu anaweza kukaa miezi hajala. Hao bakteria wanaishi kwa nini muda wote huo?

#29 Mwalimu_Misungwi

Wanakula kamasi na seli za utumbo zinazobanduka. Na utumbo wa chatu ni ajabu nyingine. Secor na Diamond wa Marekani waliwachunguza chatu wa Burma: akishakula, ndani ya siku chache utumbo, ini na figo vinaongezeka uzito, mwili unachoma nguvu mara nyingi zaidi ya kawaida. Mwaka 2005 watafiti wengine wakaonesha moyo wake unakua kwa asilimia 40 katika siku mbili. Chakula kikiisha, vyote vinasinyaa tena. Kwa hiyo ile nyongo iliyokaa ghalani wakati wa njaa ndiyo akiba ya siku ya kwanza, kabla ini halijakua.

#30 Sengerema_Boy

Yaani ini linavimba akila? Kama bosi wangu wa kivuko mwisho wa mwezi.

#31 Mjukuu_wa_Myeye

Kemia, wabeja sana. Ila hujasema KWA NINI chatu anasumbuka kubandika hiyo namba 16. Sisi tumeiacha, tunaishi.

#32 Kemia_Nyegezi

Mimi naamini ni kujikinga. Deoksikoliki ni kali, inatoboa utando wa seli. Ukiiongezea kikundi kinachopenda maji inapoa. Mnyama anayekaa na nyongo hiyo hiyo miezi kadhaa bila kuitumia hawezi kukaa na kitu kikali vile.

#33 Dokta_Mtarajiwa

Ninakubali nusu. Ila panya naye anaipooza, na anafanya kwa kurudisha tu kikundi kile kile cha namba 7. Rahisi na moja kwa moja. Kwa nini chatu asifanye hivyo, mpaka aende 16, na kifutu 23? Kama lengo ni moja, kwa nini kila mmoja ana namba yake? Mimi naona ni urithi wa ukoo. Babu yao wa zamani alipata kimeng'enya cha bahati, watoto wakaendelea nacho. Kama watu wa kijiji kimoja wanavyofunga mzigo wa kuni kwa fundo lao, na kijiji cha pili fundo jingine. Kuni zinafika zote.

#34 Bucha_Igoma

Au inategemea wanachokula. Mafuta ya panya si mafuta ya ndege.

#35 Kemia_Nyegezi

@Bucha_Igoma lakini chatu na kifutu wote wanakula panya na ndege. Hapo chakula hakitutofautishii.

#36 Bucha_Igoma

Kifutu hamezi swala.

#37 Kemia_Nyegezi

...sawa.

#38 MamaDagaa

Jamani na samaki? Sisi hapa Mwaloni dagaa hatutoi matumbo, tunaanika na kila kitu. Wateja wa nje wanalalamika dagaa wachungu. Nawaambia huo uchungu ndio utamu.

#39 Kemia_Nyegezi

Kwa samaki ndiyo tofauti kubwa zaidi. Samaki wa ukoo wa kapu (carp kwa Kiingereza) hawafiki kwenye asidi, wanaishia kwenye alkoholi ya nyongo, kaboni zote 27 zikiwepo, wanaifunga na salfeti. Huko Asia kuna watu wamemeza nyongo mbichi ya kapu kama dawa ya macho, figo zikafeli. Ningu wetu wa ziwani yuko katika ukoo huo huo.

#40 MamaDagaa

Usiniharibie biashara kijana! Dagaa je?

#41 Kemia_Nyegezi

Mama, wale waliodhurika walimeza nyongo ya samaki wa kilo kadhaa, mbichi. Kinyongo cha dagaa hukioni hata kwa miwani, na wewe umekula tangu utotoni. Uza.

#42 MamaDagaa

Asante. Nilishaanza kutokwa jasho.

#43 Sengerema_Boy

NYONGO YA MAMBA. Nimeuliza tangu #8. Ukerewe kwa wajomba zangu mamba akiuawa, wazee wanasimama pale pale mpaka nyongo imechomwa mbele ya watu wote. Asipatikane mtu wa kuondoka nayo. Mnaniambia wazee wote hao wajinga?

#44 Mwalimu_Misungwi

Si wajinga. Ila angalia tukio la Msumbiji. Januari 2015, mkoa wa Tete, sehemu inaitwa Chitima, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani, wakafa 75. Siku ile ile kila mtu akasema nyongo ya mamba, na magazeti ya dunia nzima yakaandika hivyo. Vipimo vilipotoka miezi baadaye ikaonekana ni unga wa mahindi ulioharibika, umeota bakteria anayetoa sumu inayoitwa asidi ya bongkrekiki. Mamba hakuwepo kabisa.

#45 Sengerema_Boy

Hiyo ni Msumbiji. Mamba wetu ni wa Ukerewe.

#46 Kemia_Nyegezi

😂 Mamba wa Ukerewe na wa Tete ni wa aina moja mkuu. Nyongo yake ni asidi za kaboni 27, yaani ini lake halikati ule mkia, tofauti na la nyoka na letu. Ya kizamani zaidi. Kenge naye ana ya kwake, asidi ya varaniki, nayo ya 27. Nyoka na kenge ni ndugu wa karibu, ila mmoja anakata mkia, mwingine anauacha.

#47 Dokta_Mtarajiwa

Niongeze kwa wote wanaosoma kimya: mtu akiumwa na kifutu, nyongo haitibu, iwe ya kunywa au ya kupaka. Asichanjwe, asifungwe kamba. Mtulize, kiungo kisichezecheze, vua pete na saa kabla hajavimba, hospitali haraka.

#48 Mjukuu_wa_Myeye

Bayeye walikuwa na dawa zao za mizizi, na watu walipona. Hilo tusilifute kwa mstari mmoja.

#49 Dokta_Mtarajiwa

Mkuu, mara nyingi nyoka anauma bila kuingiza sumu, au anaingiza kidogo. Hao wanapona hata kwa maji ya chumvi. Namheshimu babu, ila mgonjwa simpeleki.

#50 Mjukuu_wa_Myeye

Babu naye angekuuliza umetibu wangapi.

#51 Mlinzi_wa_Zamu

Turudi kwa mleta uzi. Rangi ya kijani hamjaielezea. Ya binadamu si ya njano?

#52 Kemia_Nyegezi

Rangi si asidi, ni uchafu wa damu iliyochakaa. Damu ikivunjwa inatoka rangi ya kijani, biliverdini. Sisi tuna kimeng'enya kinachoigeuza njano. Nyoka na kuku wanaitoa zaidi ikiwa kijani vile vile. Asidi zenyewe ukizisafisha ni unga mweupe.

#53 KukuWaBuswelu

Wakuu nimerudi, asanteni. Nimejaribu kitu. Hayo ya njaa ya #20 na #21 yalinikaa kichwani. Ijumaa usiku nilimfungia kuku mmoja bila chakula, maji tu. Mwingine nikamwacha anadonoa mpaka jioni ya jana. Nikawachinja wote wawili leo saa nne. Aliyefungiwa kifuko kimejaa, kimenyooka, ukibonyeza kinarudi. Aliyekula kilikuwa kimelegea, kama nusu yake. Nimeviweka sahani moja nikapiga picha, ila simu inagoma kupandisha.

Dokta umeshinda. Mwezi umepotea.

#54 Mjukuu_wa_Myeye

Subiri. Hao kuku walikuwa aina moja?

#55 KukuWaBuswelu

Aliyefungiwa ni jogoo wa kienyeji. Aliyekula ni mtetea, chotara.

#56 Mjukuu_wa_Myeye

😂😂😂 Umri?

#57 KukuWaBuswelu

Jogoo ana kama mwaka na nusu. Mtetea miezi mitano.

#58 Bucha_Igoma

Aaah mkuu. Hapo hata mimi siwezi kukutetea. Jogoo mzee nyongo yake ni kubwa hata akiwa ameshiba.

#59 Mtemi_wa_Mawe

Rudia na mapacha.

#60 KukuWaBuswelu

Nirudie na nini? Mama Neema kafunga banda kwa kufuli, anasema kuku wa sikukuu wamebaki wanne na hakuna wa utafiti. Na yule mzee wa jani la mgomba kapita tena jioni, anauliza kama mafundi wameua mwingine.

#61 Mlinzi_wa_Zamu

Muulize nyongo ya kwanza kaifanyia nini.

#62 KukuWaBuswelu

Nimemuuliza. Kasema, "Wewe si ulisoma?" Akaenda zake.